Nilimwambia Visanduku Ving'ae

Nilikuwa sokoni Bukoba nikibishana na mama mmoja juu ya mkungu wa ndizi, yeye akiapa umekomaa na mimi nikiuona bado mtoto, simu ilipoita. Alikuwa dada wa fundi mmoja niliyezoeana naye, yule mkubwa anayelima Kimwani. Hakuzunguka. "Mwalimu," alisema, "fundi wako ametutoka leo asubuhi. Ni kile kifua." Nikamuuliza maswali ambayo mtu huuliza akiwa hana la kusema: alikuwa hospitali gani, nani alikuwa naye, mazishi lini. Akanijibu yote kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kulia. Nilipokata simu, yule mama wa ndizi alikuwa ameacha kubishana, maana aliuona uso wangu. Nililipa, nikageuka, nikauacha mkungu palepale chini, na sikuukumbuka mpaka nilipofika nyumbani.

Fundi wako. Neno hilo "wako" lilinisumbua njia nzima. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii huanza na utani. Leo sina. Nilikuwa na neno moja la kumwambia marehemu, neno fupi kabisa, nikaliahirisha kwa karibu miaka miwili kwa sababu ya kiburi. Neno lenyewe ni "nilikosea". Sasa naliandika gazetini, mahali ambapo kila mtu ataliona isipokuwa yeye. Nitawaeleza nilichokosea, nanyi mtaamua kama kuna msamaha. Mimi nimeutafuta, sijauona.

Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwahi kula sikukuu pamoja. Yeye Mkatoliki wa Kimwani, mimi Mlutheri wa mjini. Kilichotukutanisha ni gitaa. Mimi hupiga gitaa katika kwaya ya usharika wetu, vibaya lakini kwa bidii, na siku moja waya wangu wa spika ulipokatika mtu alinielekeza mtaa wa Nshambya, hapahapa mjini, kwa fundi redio aliyepanga chumba cha nyuma katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, ingawa sikuwahi kumfundisha; nilikuwa nimekwisha kustaafu na kubaki na tabia za ualimu tu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mazoea ya kuitikia "ego waitu", yaani ndiyo mheshimiwa, hata kwa jambo asilolikubali. Ukimtazama usingejua kama amekubali au amekuheshimu tu. Kwetu Wahaya mambo hayo mawili yanafanana sana, na mara nyingine yanatuponza.

Mezani kwake, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, niliona kopo la siagi lenye matundu mawili ya waya na swichi juu yake. Nikauliza ni nini. Akasema ni pedali. Kwa msomaji asiyepiga gitaa: pedali ni kisanduku kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na spika. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu na sauti ya gitaa hubadilika; kuna kinachoikwaruza, kuna kinachoipa mwangwi, kuna kinachoiyumbisha. Vya dukani hutoka nje ya nchi. Chake alikilehemu mwenyewe kwa vipuri vya redio zilizokufa. Alichomeka gitaa langu, akalikanyaga lile kopo, akaniambia nipige. Nilipiga wimbo wa Pasaka ninaoujua tangu utoto, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye kukwaruza kwa mbali, sauti ya mtu mzima anayejizuia kulia kanisani. Niliurudia ule ubeti mara tatu. Sina aibu kusema kwamba machozi yalinilenga. Niliondoka na lile kopo siku hiyohiyo, na mpaka Jumapili iliyopita ndilo nililopigia.

Angebaki na makopo yake huenda leo ningekuwa naandika habari za barabara. Lakini alitaka kufanya kazi ile iwe kazi hasa, aache redio. Akaanza kutengeneza visanduku vya alumini ya mabango ya zamani, akiikata kwa mkasi wa bati na kuikunja juu ya ukingo wa meza, halafu akivipaka rangi iliyobaki kwenye mageti ya watu. Vilikuwa na sauti ileile. Vilikuwa pia na sura mbaya, tusidanganyane. Kimoja kilikuwa na nusu ya neno "karibu" tumboni. Wapiga gitaa wa kwaya walikuja, wakasikiliza, wakasifu, wakaondoka mikono mitupu. Siku moja jioni akaniuliza kwa nini. Mwalimu akikosa jibu hulitunga, nami nililitunga palepale nikiwa nimekalia ndoo.

"Fundi, watu hununua kwa macho. Masikio yanafuata. Vifanye ving'ae."

"Ving'ae, Mwalimu?"

"Kama kioo. Huvioni vya wenzetu?"

"Ego waitu," akasema.

Laiti ningeishia hapo. Lakini wiki ile sikuwa na mada, na mwandishi asiye na mada ni mtu wa hatari. Nikaandika safu nzima juu ya mafundi wetu wasiojua kumalizia kazi: mlango usiofunga, kiti kinachochana suruali, kabati lenye misumari inayochungulia. Nikaifunga kwa ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ilipendwa sana. Mtu nisiyemfahamu alinisimamisha barabarani kunipongeza. Fundi, ambaye hakuwa mnunuzi wa magazeti, alilinunua lile, akaikata ile safu kwa mkasi wake wa bati na kuibandika ukutani juu ya meza. Nilipoiona pale nilijisikia vizuri mno. Hilo nalo liandikwe.

Ndipo ilipoingia epoksi. Jamaa yake mmoja alimletea kutoka Mwanza zile chupa mbili, moja ya gundi yenyewe na moja ya kuigandisha, ambazo ukizichanganya sawasawa unapata ute mzito usio na rangi, na ute huo ukikauka unakuwa mgumu na angavu. Nilikwenda mara nyingi kumtazama, kwa kuwa kumtazama mtu akifanya kazi kwa makini ni starehe. Alikisugua kisanduku kwa msasa, akakifuta kwa spiriti, akaziba matundu ya swichi kwa karatasi ya gundi ili ute usiingie. Aliupima ute kwa mabomba ya sindano, kiasi kwa kiasi, maana aliwahi kuongeza ya kugandisha akidhani itakauka haraka msimu wa mvua, ikabaki kunata wiki tatu. Alikoroga polepole kwa kijiti. Alimimina katikati, akasambaza kwa kadi ya zamani ya simu mpaka ute ufike kingo na kudondoka, kisha akapitisha kijiti chini ya kingo kuondoa yale matone kabla hayajaganda. Halafu akakifunika kisanduku kwa beseni, siku tatu kamili. Ukikaribia beseni alikuwa anasema, "Usiguse, Mwalimu, bado," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelaza mtoto.

Chini ya ule ute alitandika rubugo, kitambaa chetu cha magome ya mti, alichopewa kipande na dada yake. Rangi yake ya udongo chini ya kioo kile ilikuwa nzuri kweli. Lakini rubugo lina pumzi ndani yake. Kila alipomimina, hewa iliyojificha kwenye nyuzi ilipanda na kuwa viputo, na viputo vikigandia humo havitoki tena. Alijifunza kulipaka kwanza gundi nyeupe ya maji ili kuziba. Alijifunza kumimina alasiri hali ya hewa inapopoa, maana asubuhi joto likipanda rubugo hupumua zaidi. Hata hivyo viputo vilikuja. Mtu alimwambia pumzi ya binadamu huvipasua, na kweli, ukivipulizia kwa karibu vinapasuka kimoja kimoja. Kwa hiyo alichukua mrija wa mwanzi wa marehemu baba yake, ule wa kunywea rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, akainama juu ya kisanduku na kupuliza.

Hapa nataka msomaji wangu asimame kidogo. Mtu wa kwetu akiweka mrija ule mdomoni, mwili wake unajua kazi moja tu, nayo ni kuvuta. Alipuliza, kisha akavuta pumzi ya kupuliza tena bila kuutoa mrija midomoni, ncha yake ikiwa nusu ya kidole kutoka kwenye ute ule unaofuka. Akapuliza, akavuta. Saa nzima. Na dirisha lilikuwa limepigiliwa nailoni, na tambara limesukumwa chini ya mlango, kwa sababu vumbi la barabara likidondokea epoksi mbichi kazi yote imeharibika. Kwenye chupa palikuwa na picha ndogo ya mtu aliyevaa barakoa. Niliiona picha ile. Mimi ndiye niliyesoma kati yetu wawili, na mimi ndiye niliyesema, "Fundi, unapuliza au unakunywa?" Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka.

Siyo kwamba hatukuwa na siku njema. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, asubuhi moja mji mzima uko nje unawakimbiza, senene mmoja alipenya sijui wapi, akatua katikati ya kisanduku kibichi. Alimtoa kwa kibanio, lakini mguu mmoja ulibaki humo, umekunjika vizuri kama uliwekwa kwa makusudi. Alihuzunika siku mbili. Kisha akaja mpiga gitaa wa bendi ya harusi kutoka Muleba, akavipita vyote na kukichukua hicho chenye mguu, akisema huyu senene angalau hataliwa na shemeji zake. Ndicho kisanduku pekee nilichoona kikinunuliwa kwa furaha, na kilinunuliwa kwa ajili ya kasoro yake. Mtu mwenye akili angejifunza kitu pale. Tulikuwa wawili chumbani, na hakuna aliyejifunza.

Mwenye duka moja la vyombo vya muziki mjini alikubali kuviweka vitatu kwenye rafu, kati ya vile vya nje. Fundi alisimama pembeni akijifanya mteja, asikie watu watasema nini. Aliporudi Nshambya nilikuwa namngoja. Alinisimulia akiwa amesimama, kofia mkononi. Mpigaji mmoja alikishika kisanduku chenye rubugo, akakigeuza geuza kwenye mwanga, akasema aa, hiki ni kizuri. Akamuuliza mwenye duka kimetoka wapi. Mwenye duka akajibu, "Nshambya."

"Nshambya hii yetu?"

"Hiyohiyo."

"Akakirudisha," fundi aliniambia. "Akafuta mikono kwenye suruali, Mwalimu. Hakukichomeka hata kwenye gitaa."

Wapenzi wasomaji, pale ndipo neno langu lilipotakiwa. Ushahidi ulikuwa umeletwa mpaka mlangoni. Kisanduku kilikuwa kinang'aa, mtu alikiri kuwa kinang'aa, na akakiacha kwa sababu kimetengenezwa na mtu anayeweza kukutana naye njiani. Tatizo halikuwa kwenye rangi wala kwenye msasa. Tatizo lilikuwa ni sisi, na safu yangu ile iliyopendwa ilikuwa imemtwisha fundi dhambi ya mnunuzi. Nilipaswa kusema, fundi, nilikosea, rudi kwenye makopo yako, hiyo sauti yako inatosha. Sekunde moja tu. Badala yake nilinyamaza, na yeye akainua macho ukutani kwenye kile kipande cha gazeti.

"Lazima kuna mahali aliona kasoro," akasema. "Kizuri chajiuza, si ndivyo? Bado sijafika."

"Endelea tu, fundi," nikamjibu. "Siku nikiona kisanduku chako kisicho na kiputo hata kimoja, nitaandika juu yako gazetini."

"Kweli, Mwalimu?"

"Kweli."

"Ego waitu."

Safari hii alikuwa amekubali. Nilimwona usoni. Na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kisanduku kimoja kisicho na kiputo, ili mwalimu aandike. Kila nilipopita alinipa kimoja nikitazame. Nami, Mungu anisamehe, nilikipeleka dirishani, nikakiinamisha huku na huku kama mkaguzi, nikakiona kiputo kimoja karibu na tundu la swichi, nikakionyesha kwa ukucha. Alikichukua bila kunung'unika, akakisugua chote kwa msasa mkavu mpaka chumba kikawa cheupe kwa vumbi, akaanza upya. Mvua za Bukoba zikija, unyevu uliitia epoksi ukungu kama maziwa, akasugua tena. Nilimuuliza mara moja habari za sauti, kwamba nataka kuvisikia hivyo vipya. Akasema atavilehemu baadaye, kwanza sura. Nilitikisa kichwa kukubali. Kikohozi chake kilikuwa kimeshakuwa cha mchana kutwa, naye alikiita mafua ya ziwa.

Madaktari hawakusema ni epoksi. Walisema kifua kimechoka, wakauliza anafanya kazi gani, akajibu fundi redio. Sitawasemea. Mimi si daktari, na najua watu wanaoishi miaka mingi katika moshi mbaya zaidi ya ule. Lakini najua nilichokiona kwa macho yangu, na najua ni nani aliyemtuma. Kuna wakati nililala kitandani mchana nikijitetea kwamba alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Utetezi huo haukai. Mtu mzima mwenye akili zake alikuwa ameamua kumwamini mwalimu.

Nimetazama mji wangu kwa jicho hilo tangu siku ile sokoni, na sipendi ninachokiona. Tumekuwa watu wa kuuliza jambo moja tu, cha wapi. Kahawa yetu wenyewe tunaiona nzuri ikisharudi kwenye chupa yenye maandishi ya kigeni. Mafundi wetu tunawasifu kwa mdomo, kisha tunapita. Nasi tunaoandika, tuliopaswa kuusema ukweli huo, tumeona rahisi zaidi kumkaripia mwenye nyundo kuliko kumkaripia mwenye pochi, kwa sababu mwenye pochi ndiye msomaji. Nami nimeishi kwa kazi hiyo miaka mingi, mkinipongeza barabarani. Sioni kama itabadilika. Zamani ningemalizia aya hii kwa tumaini kidogo, maana mhariri hupenda hivyo. Leo sina la kuweka.

Tulimsafirisha kwenda kwao Kimwani siku ya tatu. Jeneza lilitengenezwa mjini asubuhi ileile kwa haraka, nalo lilikuwa linang'aa. Tulipopumzika Muleba, watu wa kituoni walikuja kuchungulia garini, na mmoja akasema kweli huyu ndugu zake wamemheshimu. Nilikuwa mmoja wa waliobeba kutoka barabarani hadi kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba na mibuni, ambako majirani walikuwa wameweka majembe chini tangu msiba ulipotangazwa. Tuliposhusha, kiganja changu kilikataa kutoka. Vanishi ilikuwa bado mbichi. Nilivuta, ikatoka na mlio mdogo wa kunata, na pale ubavuni pakabaki vidole vyangu vitano, vimejichora wazi. Nikasimama nikivitazama. Mtu aliyengoja siku tatu kwa kila kisanduku alizikwa katika kazi isiyokauka, na alama za mkono wangu zikaenda naye chini. Hakuna aliyeziona zaidi yangu, padri akaendelea.

Baada ya mazishi dada yake aliniita kando, nyuma ya jiko, akiwa na kitu amekifunga kwenye khanga. "Alisema hiki ni chako, Mwalimu," akasema. "Alikimaliza kabla hajalazwa. Alinisisitiza nisikiguse juu kwa vidole, nikibebe kwa pembeni."

"Alisema kitu kingine?"

"Alisema utajua cha kufanya." Akanikabidhi. "Alikupenda sana, wewe. Sijui ulimpa nini."

Nilimshika mkono, nikasema pole, nikaondoka nacho kwa pembeni kama alivyoagiza. Nilikifungua nyumbani, mchana kweupe, mezani pangu ninapoandikia. Hakikuwa na rubugo safari hii. Chini ya kioo kile alikuwa amelaza safu yangu. Ile ya ukutani, aliibandua, akaiziba kwanza kwa gundi nyeupe mbele na nyuma ili epoksi isiilowanishe ikaonyesha maandishi ya upande wa pili, akaitandaza juu ya kisanduku, akaimiminia. Kila neno linasomeka. Mlango usiofunga, kiti kinachochana suruali, kizuri chajiuza. Nilifungua skrubu nne za chini nisikie walau sauti yake ya mwisho. Ndani hakuna kitu. Hakuna waya, hakuna kipuri, hakuna hata alama ya risasi ya kulehemu. Ni matundu tu ya swichi, yaliyotobolewa vizuri, yanayopitisha mwanga.

Magazeti niliyoyaandikia maisha yangu yote yamefungiwa karanga na kuwashiwa majiko, na siku zote nimelalamikia hilo kwa utani. Sasa nimepata maneno yangu yaliyowekwa yasife, nayo ni yale ambayo ningetoa chochote yafutike. Nimejaribu kwa ukucha. Nimejaribu kwa kisu cha kukatia mboga, nikaona aibu, nikaacha. Kazi ile ni ngumu, haikwaruziki. Kama kuna la kujifunza, ni hili, na nawaambia wenzangu wote tunaopenda kushauri: mtazame kwanza anayekusikiliza. Ukiona anakuamini, meza neno lako, au kaa naye hadi mwisho wa hilo neno, na ukigundua umekosea mwambie siku hiyohiyo, kabla halijakauka.

Nimekipeleka kisanduku dirishani. Nimekiinamisha huku na huku kama nilivyozoea, nikapitisha ukucha kingo zote nne na kuzunguka kila tundu, nikavaa miwani, nikarudia. Hakina kiputo hata kimoja. Nilimwahidi kwamba siku nitakapokiona kisanduku cha namna hiyo nitaandika juu yake gazetini. Basi, fundi, nimeandika.